Sekunde Kwenye Tambukareli

Benchi letu liko nje ya stesheni ya Utanosawa, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha bibi yangu. Treni haijapita hapo tangu mvua ya mwaka juzi ilipobeba daraja la bondeni. Hata hivyo wenye benchi wanafika kila asubuhi kabla ya saa mbili na dakika kumi na saba, saa ya treni ya kwanza, wanaitazama saa ya ukutani, na dakika hiyo ikipita ndipo wanaagiza kahawa. Mimi ndiye ninayewamiminia. Naitwa Kozue, nina miaka kumi na saba. Niliacha shule bibi alipopooza mkono wa kulia, nikashika birika lake. Siku ninayoiandika ilikuwa mwisho wa Oktoba. Theluji ilikuwa imefika vileleni lakini haijashuka mjini, na jiko la mafuta ya taa nilikuwa nimelitoa nje nikaliweka katikati ya miguu yao. Kwa kawaida saa nne wanatawanyika. Siku hiyo hakuondoka mtu, kwa sababu baba yangu alikuwa Iwahoro, mji wa chini, akifanya mtihani wa kuendesha basi kwa mara ya tatu na ya mwisho.

Baba alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na miwili. Benchi lilimpa jina la Sekunde, kwa kuwa treni yake haikuwahi kupishana na saa ile ya ukutani hata kwa sekunde tano. Reli ilipofungwa, shirika la reli liliwaita madereva wake wanne likawaambia kwamba biashara imebadilika, sasa kazi ni ya basi. Atakayejifunza basi atabaki njia hii hii. Asiyeweza atahamishiwa ghala la mkoani kupanga boliti. Watatu walikuwa karibu kustaafu, wakachukua kiinua mgongo chao. Akabaki baba. Shirika lilimlipia mafunzo ya miezi sita na mitihani mitatu. Akianguka wa tatu, yeye anakwenda ghalani, na njia inapewa kampuni ya mbali ambayo imeshasema basi lake litaishia Iwahoro. Kwetu mlimani halitapanda.

Mitihani miwili alikuwa ameanguka. Kila mara alirudi, akavua viatu mlangoni, akasema “Bado,” akala wali wake. Sababu hakuitaja, na sisi hatukuuliza.

— Saa hizi ameshafunga mkanda, alisema Wembe.

Wembe ni Bi Tsugie, kinyozi. Duka lake linatazamana na stesheni, na hakuna kichwa cha mwanamume Utanosawa ambacho hajakishika.

— Hajafunga, alijibu Stempu. Mtihani ni saa tatu kamili. Nimeuliza.

— Umemuuliza nani?

— Nimeuliza, basi.

Stempu ni Mzee Hirayanagi. Alipeleka barua mjini hapa miaka arobaini, na tangu astaafu anaamini habari zote bado zinapitia mkononi mwake.

— Kozue, mwongezee huyu kahawa ameze maneno yake, alisema Figili, na akasukuma kikombe chake mwenyewe mbele.

Figili ni Mzee Nishikido, umri wake miaka sabini na sita. Analima figili nyeupe ndefu kama mkono wa mtu, na kila asubuhi anakuja na moja mfukoni mwa koti kama vile ni tochi.

Walikunywa kidogo. Kimya cha benchi letu hakidumu.

— Mimi shida yake naijua, alisema Wembe. Ni mikono. Treni ina usukani? Haina. Huyu bwana miaka yote hiyo kazi yake ni mpini: anausukuma, anauvuta. Kona anakatiwa na reli. Sasa leo umpe duara mkononi, alifanyie nini?

— Alizungushe, nilisema.

— Alizungushe! Binti, mimi ndiye ninayemnyoa baba yako. Nikimwambia geuza kichwa kulia, anageuka na kiti chote.

— Kamba hiyo, alisema Stempu.

— Kamba? Njoo Jumamosi ujionee.

— Mikono inafundishika. Mimi posta walinipa baiskeli na sijui baiskeli, nikaanguka wiki mbili, ya tatu nikawa napanda nayo mlima huku nasoma anwani. Shida ya Sekunde haiko mikononi. Iko kwenye damu.

— Haya, yameanza, alisema Figili.

— Nisikilizeni. Mtu amekaa juu ya chuma miaka thelathini na miwili. Chini yake chuma, mbele yake chuma, nyuma yake chuma. Unafikiri chuma hicho hakimwingii? Siku moja nilikuwa na dira ya mjukuu wangu. Nikakaa naye hapa hapa. Mshale, nawaambieni, ukamwelekea yeye!

— Yeye alikuwa amekaa upande gani?

— Upande ule.

— Kaskazini, alisema Wembe.

Figili alicheka mpaka figili ikaanguka kutoka mfukoni. Mimi pia nilicheka, nikajilaumu, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa imefika saa tatu.

— Cheka tu, alisema Stempu. Basi linapita kwenye lami, yeye damu inamvuta relini. Ndiyo maana anaanguka.

— Acha zako, Stempu, alisema Figili. Mambo ya damu waachie madaktari. Sekunde anaangushwa na behewa la pili.

— Behewa gani tena?

— Treni yake ilikuwa na mabehewa mangapi? Mawili. Basi lina mangapi? Halina. Sasa yeye kichwani mwake bado analivuta lile la nyuma. Akifika konani, anageuza, halafu anasubiri la pili limalize kupita. Mtahini anashangaa, huyu mzee anasubiri nini? Anasubiri watu wa behewa la pili!

— Watu wenyewe wako wapi?

— Ndiyo hapo. Hawapo. Lakini yeye hawezi kuwaacha.

Wembe aliweka kikombe chini. Aliinama karibu na jiko, akateremsha sauti, ingawa barabarani hakukuwa na mtu.

— Mnazunguka mbuyu nyote. Mimi sikutaka kusema. Ni ile treni yenyewe.

— Imefanyaje?

— Ina wivu.

Treni ya baba imefungiwa kwenye banda nyuma ya stesheni. Shirika halijaamua liifanyie nini. Imetanda vumbi, lakini vioo vya mbele ni safi, na kila mtu anajua ni nani anayevipangusa.

— Kitu kikitumika miaka mingi kinaanza kumjua mwenyewe, alisema Wembe. Mkasi wangu wa kwanza ulimilikiwa na mama mkwe. Niliponunua mpya, ule wa zamani ulinikata kidole ukiwa kwenye droo. Kwenye droo, nimesema! Sasa dude zima la tani hamsini, lilikuwa na mtu wake, mtu huyo anatoka kila siku kwenda kulala na basi...

— Kulala na basi! alisema Figili.

— Kujifunza basi, mzee, usiharibu. Linamfunga miguu. Inatakiwa mtu aende akaliombe radhi.

Nilidhani Stempu atamcheka. Hakucheka. Alikuwa anakuna goti.

— Nimeshakwenda, alisema.

— Umekwenda wapi?

— Bandani. Jana jioni. Nilipeleka pombe ya mchele, sake ile nzuri, nikamimina kikombe kwenye gurudumu la mbele. Nikaliambia, tafadhali, mwachie.

Wote wawili walimtazama.

— Na chuma cha kwenye damu? aliuliza Wembe.

— Mtu anajaribu njia zote, alisema Stempu.

Niliwamiminia tena. Saa nne ilifika, ikapita. Bibi alichungulia dirishani mwa kibanda, akanitazama, nikatikisa kichwa kwamba bado. Simu yangu ilikuwa kwenye aproni nami niliigusa kila mara kama jino linalouma. Baba hapigi simu. Yeye akiwa na habari huileta mwenyewe.

Ilipofika saa tano ndipo Stempu aliposema neno ambalo lilinichoma. Hakulisema kwa ubaya. Baridi na kusubiri vilikuwa vimemchosha.

— Tuseme ukweli. Mtu wa miaka hamsini na minne hafundishiki kazi mpya. Angepewa kazi ya kukaa, akatulia. Kumpeleka darasani na vijana wa miaka ishirini ni kumdhalilisha.

Najua sipaswi kumjibu mtu mzima hivyo. Nilijibu.

— Mzee Hirayanagi, wewe hujapaona jikoni kwetu. Kila siku akirudi kutoka kwenye mafunzo anaweka kiti juu ya kreti la bia ili akae juu kama kwenye basi. Anashika kifuniko cha sufuria kubwa. Bibi anakuwa abiria. Mimi naambiwa nisimame mlangoni niwe baiskeli. Anaangalia kushoto, ananyoosha kidole, anataja kwa sauti kama madereva wa treni walivyofundishwa: “Kioo cha kushoto, salama!” Anaangalia kulia: “Kioo cha kulia, salama! Baiskeli mbele, mita nane!” Kisha ananipita taratibu, wala hajaondoka kitini. Bibi akitaka kushuka anagonga meza. Amefanya hivyo miezi sita. Hajaruka hata siku moja. Hilo si la kudhalilika. Mimi nikimwona natamani kila mtu wa mji huu aje asimame dirishani aone.

Nilijifanya napangusa birika.

— Umesikia? Wembe alimwambia Stempu. Chukua hiyo uweke stempu.

— Sikuwa na maana hiyo, mjukuu.

— Mimi nitakuambia maana, alisema Figili. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alitoa figili mfukoni akailaza magotini, akamuuliza Stempu: Mimi nilikuwa wapi nilipokuwa na miaka thelathini na minne?

— Mgodini, alisema Stempu.

— Mgodini. Mita mia sita chini. Nilikuwa najua kuchimba, kuegemeza nguzo, na kunusa hewa mbaya. Mgodi ukafungwa Machi. Aprili wakatuleta kwa bwana shamba, wanaume themanini, tufundishwe kilimo. Tukapewa mbegu ya figili. Bwana shamba akasema, figili inapenda udongo uliochimbwa vizuri. Akakosea sana kutuambia hivyo.

Wembe alianza kucheka mapema.

— Mchimba makaa ukimwambia chimba vizuri, unategemea nini? Tulishuka. Mimi na wenzangu watano tulikwenda chini mita mbili na nusu. Tukaweka nguzo ukingoni, udongo usituangukie. Tukaweka na ngazi. Bwana shamba aliporudi Jumatatu akakuta shamba halina watu. Akaita. Tukamjibu kutoka chini: “Tupo, bwana, bado kidogo!”

Tulicheka wote, hata mimi. Figili alingoja tumalize.

— Alikaa kwenye nyasi yule kijana akashika kichwa. Kisha akashuka ngazi, akatuonyesha kwa kiganja. Kina ni hiki tu. Tulikuwa na aibu, Stempu. Mwenzangu mmoja alilia. Lakini mwaka wa tatu figili za Utanosawa zilikuwa zinaagizwa mpaka Osaka, na unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna mkulima nchi nzima anayeujua udongo wa chini kama sisi tulivyokuwa tunaujua. Sisi hatukuacha kuwa wachimbaji. Tulipunguza kina. Basi usiniambie mtu hafundishiki. Mji huu wote ni wa watu waliofundishwa upya, na wanao nyumba, na wanao wajukuu, na wewe barua zao ulikuwa unazipeleka.

Stempu aliinamisha kichwa, si kwa mzaha.

— Nimekosea, alisema. Kozue, nimekosea.

— Kunywa kahawa, mzee, nilimwambia. Inapoa.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache gari dogo jeupe la shirika lilipoingia uwanjani. Lilikuwa linaendeshwa na mwanamke wa miaka kama thelathini, ambaye hatukumjua. Kando yake alikaa baba. Alikuwa amevaa sare yake ya zamani ya treni, suruali imepigwa pasi, mkoba wa ngozi magotini. Uso wake ulikuwa kama ubao wa ratiba. Huwezi kusoma humo furaha wala huzuni, unasoma saa tu.

Akashuka. Akafunga mlango. Akanyoosha kidole kwenye kitasa, akasema kwa sauti ya kawaida:

— Mlango, umefungwa.

— Sekunde! Wembe alikuwa ameshasimama. Umepita au umeanguka?

— Habari za mchana, alisema baba. Huyu ni Bi Asakura, wa idara ya mabasi. Amekuja kwa kazi yake. Kozue, tupatie kahawa mbili.

— Kahawa baadaye! Sema!

— Nitasema kwa mpangilio wa vituo, alisema baba, akakaa. Treni hairuki kituo.

Wembe alijipiga paja. Figili alimshika mkono amkalishe. Mimi nilimimina, na kahawa ikamwagika kidogo kwenye sahani, kwa sababu nilikuwa namtazama baba machoni na yeye anaitazama kahawa.

— Kituo cha kwanza, alisema. Mtihani wa mwezi wa sita. Mnajua kwenye uwanja wa mtihani wametengeneza tambukareli ya mfano, pale barabara inapokata reli. Reli mita chache, kizuizi, kengele, vitu vyote. Dereva wa basi akifika hapo sheria inasema asimame. Hata kama hakuna treni. Asimame, afungue dirisha, asikilize, ndipo avuke.

— Hata mtoto anajua, alisema Stempu.

— Na mimi nilijua. Niliandika kwenye karatasi nikapata alama zote. Siku ya mtihani nikaiona tambukareli inakuja. Nikaona kizuizi kiko juu. Nikanyoosha kidole nikataja, “Tambukareli, salama!” Nikapita moja kwa moja kwa mwendo ule ule.

Figili alimsogelea.

— Hukusimama? aliuliza Figili.

— Mzee, miaka thelathini na miwili mimi nikifika kwenye tambukareli wanaosimama ni wengine. Malori yanasimama. Gari la wagonjwa linasimama. Wewe mwenyewe ulisimama na trekta lako mara ngapi, ukanipungia mkono? Mguu wangu haukuwahi kugusa breki mahali pale. Haukujua kwamba sasa mimi ndiye ninayepaswa kusubiri.

Figili alikuwa wa kwanza kupasuka. Kisha Wembe, mpaka akajifuta macho kwa aproni yake ya kinyozi yenye nywele za watu. Stempu alisema “Ee Mungu wangu” mara nne. Baba aliwaacha wacheke, na pembeni mwa mdomo wake kitu kilisogea.

— Damu ya chuma! alipiga kelele Stempu. Nilisema mimi!

— Hukusema tambukareli, alisema Wembe. Ulisema dira.

— Kituo cha pili, alisema baba. Mtihani wa mwezi wa nane. Nikajiambia, Kuramochi, safari hii utasimama. Nikasimama. Nikasimama vizuri, gurudumu kwenye mstari, hata glasi ya maji isingetikisika. Nikafungua dirisha, nikasikiliza. Kimya. Nikangoja.

— Ukangoja nini?

— Idhini.

Bi Asakura, ambaye alikuwa amesimama na kikombe chake, aliziba mdomo kwa mkono.

— Treni ikisimama mahali ambapo si kituo, haiondoki mpaka mwongozaji wa njia aseme kwa simu ya upepo, alieleza baba. Hata ukiona njia iko wazi. Hata mvua inyeshe mawe. Ndivyo nilivyofundishwa nikiwa na miaka ishirini, na ndivyo tulivyoepuka kuua watu. Mtahini akakaa, nami nikakaa. Nyuma yangu yakaja magari mawili ya wanafunzi. Yakasimama. Baada ya dakika nne mtahini akaniuliza, “Bwana Kuramochi, unajisikia vibaya?” Nikamjibu, “Hapana, bwana, nasubiri idhini.” Akauliza, “Ya nani?”

Safari hii hawakucheka sana. Figili alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao.

— Ile ndiyo ngazi yetu ya kule shimoni, alisema kwa sauti ndogo.

Nilielewa wakati ule kwa nini baba alikuwa anasema “Bado” na kula wali. Hakushindwa kwa sababu hajui. Alishindwa kwa sababu alijua sana, na alichokijua kilikuwa kimewarudisha watu wa mji huu nyumbani salama miaka yote ile. Sasa alikuwa anaambiwa akishushe taratibu, achague kipi abaki nacho.

— Kituo cha tatu, alisema Wembe. Kwa heshima zote, Sekunde, nitakufa hapa.

Baba alikunywa kahawa. Akaweka kikombe.

— Leo. Nikafika kwenye tambukareli. Nikasimama. Nikafungua dirisha, nikasikiliza. Kimya. Nikanyoosha kidole kushoto: “Kushoto, wazi!” Kulia: “Kulia, wazi!” Halafu hapo mkono ukataka kwenda kwenye simu ya upepo, nikauzuia. Nikasema kwa sauti, “Mwongozaji kwa Kuramochi: njia ni yako, ondoka.” Kisha nikajibu, “Kuramochi amesikia, anaondoka.” Nikaondoka.

— Ulisema yote hayo mbele ya mtahini?

— Mbele yake. Ni kijana wa miaka ishirini na tisa. Akaacha kuandika. Akaniuliza, “Bwana Kuramochi, mwongozaji yuko wapi?” Nikamwambia, “Ni mimi. Tangu leo ni mimi.”

Jiko lilikuwa linanguruma chini.

— Akaandika, alisema baba. Tukaendelea. Kona nane, kupanda mlima, kurudi nyuma, kusimama kituoni. Kila kioo nilikitaja, kila taa niliitaja. Mara ya kwanza nilipopiga kelele “Kijani!” kijana wa watu aliruka kitini. Mwisho alikuwa anataja pamoja nami. Tuliposhuka akaniuliza kama ningekubali kwenda siku moja nikawaonyeshe wakufunzi wao ule mtindo wa kidole, kwa sababu anasema hajaona dereva ambaye hakuacha kioo hata kimoja.

Akafungua mkoba. Akatoa karatasi, akaikunjua, akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika tiketi ya abiria. Muhuri mwekundu ulikuwa chini.

— Nimepita, alisema.

Sikumbuki ni nani aliyeanza. Wembe alimkumbatia, jambo ambalo watu wa kwetu hawafanyi barabarani, na baba akakaa wima kama nguzo mpaka alipoachiliwa. Stempu aliichukua karatasi akaukagua muhuri kwa muda mrefu, akatangaza kwamba ni halali. Figili alisimama, akamwinamia baba mpaka kiunoni, yeye mzee wa miaka sabini na sita, akasema:

— Umefanya kazi kubwa. Umetuchosha, lakini umefanya kazi kubwa.

Bibi alikuwa ametoka kibandani na fimbo yake. Aligonga ukuta mara mbili, kama anavyogonga meza akitaka kushuka, na baba akamgeukia akasema, “Asante kwa kusafiri nasi.” Nililia hapo. Sikuona haya. Mtu huyu ni baba yangu, na yeyote aliyepita uwanjani siku ile ningemwambia.

— Basi linaanza lini? Stempu alimuuliza Bi Asakura.

— Jumatatu ya wiki ijayo, akishapata leseni mkononi, alisema Bi Asakura. Mara nne kwa siku, mpaka juu. Ndiyo maana nimekuja. Nina swali moja dogo tu, kisha sitawasumbua.

Alitoa ramani kwenye begi, akaikunjua kwenye benchi. Mto ulikuwa wa bluu, barabara nyekundu, na kila nyumba ya Utanosawa ilikuwa nukta.

— Mnataka lisimame wapi?

— Stesheni, alisema Stempu mara moja. Wapi tena?

— Hapa litasimama, ndiyo. Lakini hili ni basi, mzee. Linaweza kusimama popote barabara inapopita. Mlangoni kwa kinyozi. Kwenye zahanati. Kwenye njia ya kuingilia shambani. Vituo saba naweza kuwapa, pengine vinane. Niambieni nyinyi. Mnataka wapi?

Stempu alifungua mdomo. Anaijua kila anwani ya mji huu, na hakutaja hata moja. Wembe aliutazama mlango wa duka lake, kisha akautazama tena, kama mlango wa mtu mwingine. Figili ametembea dakika arobaini kwenye theluji kila alipotaka kusafiri, tangu enzi za mgodi, na sikuwahi kumsikia akisema ni mbali. Treni ilikuwa mahali pake, na watu ndio walioifuata. Hakuna mtu aliyewahi kuja hapa na ramani kutuuliza.

Niligeuka kwa baba. Yeye dereva, nilidhani atajua. Alikuwa ameinama juu ya ramani, kidole hewani, na kidole kilikuwa hakielekei popote.

Nilikwenda kuongeza kahawa nikakuta birika ni tupu. Hakuna aliyeliona hilo. Bi Asakura alikuwa anangoja na kalamu yake.

— Tafadhali, dada, usituharakishe, alisema Figili hatimaye. Swali hili hatujawahi kuulizwa.

Akafunga vifungo vya koti, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha.